Kurudi Kinole bila Shabani

Mama mkwe wangu alifariki mwaka huu, masika yalipoanza, akiwa usingizini katika nyumba yake ya Kinole. Nilikuwa sijalala katika nyumba ile kwa miaka mingi. Kutoka kwangu Kihonda si mbali sana, lakini magoti yangu na barabara ya mlimani havipatani tena, kwa hiyo nilizoea kupanda asubuhi nikamjulia hali na kushuka jioni. Safari hii nililala. Tulipewa chumba cha uani, mimi na binti yangu Salma aliyekuja kutoka Dodoma anakofanya kazi ya uuguzi. Ndicho chumba nilichokalia eda nikiwa bado msichana, maana nikikumbuka umri niliokuwa nao siwezi kujiita vingine. Kuta zimepigwa plasta na dirisha limewekwa kioo, lakini harufu ya karafuu zilizokuwa zikianikwa mle ndani haijatoka. Siku ya hitima, wageni walipokwisha kutawanyika tukabaki na masufuria ya kusugua, Salma alinieleza jambo moja la siku tuliyorudi kutoka Ujerumani. Alikuwa amelinyamazia tangu alipokuwa na miaka mitano. Alilieleza huku anasugua, macho yakiwa kwenye sufuria. Nitalisema pale linapostahili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiupitia mwaka ule upya, kama mtu aliyerudi kwenye nyumba aliyowahi kupanga, akakuta ina mlango ambao hakuwahi kuuona.

Shabani, mume wangu, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusomea udongo katika chuo cha mji mdogo wa Ujerumani. Alitangulia, nasi tukamfuata majani yalipokuwa yanapukutika, mimi na Salma na mdogo wake Idi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatembea. Tulikaa ghorofa ya tatu, chumba kimoja kikubwa na jiko dogo, dirisha linatazama banda la baiskeli. Chini ya dirisha kulikuwa na chuma cha kupasha joto, na juu yake siku zote kulikuwa na soksi za watoto. Nakumbuka sauti ya maji yanayopita ndani ya kile chuma kuliko ninavyokumbuka sauti ya mtu yeyote wa mji ule. Asubuhi Shabani alitoka kungali giza, anampeleka Salma chekechea kisha anakwenda chuoni, nami nabaki na Idi na zile sauti za maji. Morogoro nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya darasa lililojaa mpaka mlangoni na kusikia jina langu likiitwa kutoka kila pembe. Kule niliweza kumaliza siku nzima sijafungua kinywa ila kwa Idi, ambaye maneno yake mwenyewe yalikuwa hayajafika kumi.

Kijerumani hakikuniingia. Salma kilimwingia kama maji mchangani. Kabla baridi haijaisha alikuwa ananisemea dukani, ananiambia yule mama wa mkate ananiuliza nini, ananijibia, anapokea chenji. Watu walifurahi kumwona, nami nilicheka nao, lakini usiku nilipomsikia anaongea na mwanasesere wake kwa lugha ile, nilijua kuna chumba ndani ya mwanangu nisichoweza kuingia. Shabani aliniambia nitazoea. Yeye alikuwa na wenzake, na alikuwa na udongo wake. Jioni alirudi na hamu ya ugali, nikampikia wa unga wa njano tuliokuwa tukiununua kwenye duka la Waturuki, na mchicha wa kwenye friji ambao haukuwa mchicha. Alikula akisema ni mtamu. Baadaye nimefikiri kwamba labda naye alikuwa mpweke, akaona ndani ya chumba kile kidogo upweke wa mtu mmoja unatosha.

Mtu wangu mmoja alikuwa Emine, mama wa Kituruki wa ghorofa ya chini, umri wa mama yangu. Hatukuwa na lugha, ila tuligundua polepole kwamba tuna maneno. Alikuwa anasema sabuni, namwelewa. Akisema dakika, namwelewa. Yeye akimaliza kula anamshukuru Mungu na mimi namshukuru kwa neno lilelile. Aliniletea supu ya dengu katika bakuli lililofunikwa kwa sahani, akakaa kwenye kiti cha Shabani, akaniangalia nikinywa mpaka nimalize. Tulikuwa tukikaa hivyo saa nzima, watu wawili wanaopeana maneno kama kumi, na nilipomsindikiza mlangoni nilijisikia nimezungumza.

Shabani alianguka na baiskeli siku ya Jumamosi, barafu ikiwa inakaribia kuisha barabarani. Alikuja nyumbani anaisukuma, suruali imeloa magotini, anajicheka. Akala vizuri. Akasema kichwa kizito, akajilaza, na Idi akawa anampanda mgongoni kama alivyozoea. Nilipokwenda kumwamsha kwa sala ya alasiri hakuamka. Gari la wagonjwa lilikuja, na kesho yake hospitalini wakaniambia amefariki. Watu wa msikitini, mume wa Emine akiwemo, walilichukua jambo lile mikononi mwao. Nyumbani nako, mdogo wake Shabani, Ramadhani, alizungumza na wazee wa ukoo, akanipigia kuniambia wamekubaliana maiti isisafirishwe, azikwe hukohuko, ndiyo sunna. Azikwe. Nilisema sawa. Wakamzika. Kesho yake Emine akanishika mkono akanipeleka makaburini, nikaona alipolazwa.

Watoto nilikuwa nimewaambia kwamba Baba yuko hospitali. Kisha nikawaambia Baba atatufuata. Nilijiambia nitawaeleza tukifika nyumbani, kwenye watu, kwa lugha yetu, mbele ya bibi yao. Niliona sina nguvu za kumwona Salma analia katika chumba kile halafu mimi ndiye niwe mtu pekee wa kumbembeleza. Simu ya jengo ilikuwa ukutani kwenye korido, na kila nilipozungumza na Ramadhani nilikuwa nimewafungia mlango.

Kibali chetu cha kukaa kilikuwa kimefungwa kwa jina la Shabani, na chumba pia. Chuo kilitukatia tiketi. Niliondoka nikiwa katika eda, jambo ambalo nilijua litasemwa, lakini hakukuwa na nyumba ya kuikalia. Asubuhi ya safari mume wa Emine alitupeleka stesheni. Emine alikuja na mfuko wa mayai ya kuchemsha, mikate na jibini. Tulipokuwa tunasubiri aliniambia dakika, dakika, akavua mtandio wake wa sufu akamfunga nao Salma shingoni. Treni ilipoanza kutembea alikuwa bado anatikisa kichwa, kama anayekataa kitu alichoulizwa na mtu mwingine.

Nilikuwa na sanduku moja kubwa, begi la mgongoni, kigari cha Idi, Idi mwenyewe na Salma. Tulitakiwa kubadilisha treni mara moja tu kabla ya uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeyakariri majina ya stesheni kama mtoto anavyokariri sura. Lakini tulipofika pale pa kubadilisha, kipaza sauti kikasema kitu, na watu wote waliokuwa wamesimama kwenye jukwaa letu wakainua mizigo yao wakaanza kuondoka. Nilimtazama Salma. Aliniambia wanasema treni imehamishiwa upande wa pili. Ilibidi tushuke ngazi, tupite chini ya reli, tupande ngazi nyingine, na lifti haikuwa inafanya kazi. Kushuka tulishuka, kipande kwa kipande. Kupanda kulinishinda. Sikuweza kubeba sanduku na Idi na kigari kwa pamoja, na Idi sikuweza kumwacha kwa sababu angekimbia. Nikamwambia Salma asimame ukutani ashike kigari, asisogee, nampeleka Idi na sanduku juu kisha narudi.

Nilipofika juu, treni nyingine ilikuwa imeingia, na abiria wake wakamwagika kwenye ngazi zile kama maji ya mfereji. Nilijaribu kushuka kinyume chao nikiwa nimembeba Idi. Walinipita kulia na kushoto, wengine wakiniomba radhi, na sikuweza kuona chini. Niliita jina lake. Katika stesheni nzima hakuna aliyejua kwamba hilo ni jina la mtu. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa kwenye zile ngazi, hata siku niliyotoka hospitalini. Watu walipopungua nilimwona. Alikuwa amebana mgongo ukutani, mikono yote miwili kwenye mpini wa kigari, mtandio wa Emine umemfika puani.

"Sikusogea," aliniambia.

Treni yetu ilikuwa imekwenda. Tulikaa kwenye benchi kusubiri inayofuata, tukala mayai ya Emine, na Salma akamenya la mdogo wake akampa vipandevipande. Nilimwona anavyofanya nikashukuru kwamba leo hasumbui. Alikuwa mtoto wa maswali. Juzi yake tu alikuwa akiuliza Baba atajuaje tumeondoka, atapata wapi ufunguo, nani atampikia. Siku ile, tangu asubuhi, hakuuliza swali hata moja. Nilifikiri ni furaha ya kupanda ndege.

Uwanjani, kwenye kibanda cha kukagulia pasi, yule askari alizitazama pasi zetu tatu kwa muda, akasema nami kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza. Alitaka kujua baba wa watoto yuko wapi, na kama anajua kwamba wanaondoka. Nilikuwa na cheti cha kifo kwenye begi la mgongoni, chini ya nepi, na nilianza kukitafuta nikiwa nimemwegemeza Idi begani, huku nimefunga kinywa, kwa sababu kusema neno lile mbele ya Salma sikutaka. Yule askari, nadhani kwa kunionea huruma, aliinama akamuuliza mtoto kwa sauti ya upole. Salma akamjibu. Alisema sentensi mbili tatu, taratibu, ananyanyua uso ili kioo kisimzuie. Sikuelewa hata moja. Yule bwana alinyooka, akanitazama, akagonga mihuri, akanirudishia pasi bila kungoja cheti. Nilipomuuliza Salma amemwambia nini, alisema amemwambia tunakwenda kwa Bibi.

Miaka yote hii nimeamini hivyo. Hata nimewahi kuwasimulia watu kama kichekesho, jinsi mtoto alivyotuvusha mpakani kwa kumtaja bibi yake. Sasa pale uani Kinole, mikono imejaa majivu ya kusugulia, Salma akanieleza kwamba usiku wa kuamkia safari alikuwa amenisikia kwenye korido nikizungumza na Baba Mdogo kwa simu. Mlango ulikuwa mwembamba. Alinisikia nikisema tumeshamzika.

"Nilimwambia yule askari kwamba Baba amekufa," akasema. "Nikamwomba asikwambie kama nimemwambia."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Alisuuza ile sufuria, akaiinamisha kwenye kichanja.

"Ulikuwa umeshika vitu vingi, Mama."

Nilichukua sufuria nyingine. Lakini usiku ule sikulala, nikairudia safari tangu mwanzo, na kila nilipofika nilimkuta pale, mtoto wa miaka mitano aliyefiwa, anamenya yai.

Kwenye ndege alikaa dirishani na Idi akalala mapajani mwangu. Mhudumu alileta chakula ambacho sikukifungua. Nilingoja taa zizimwe ndipo nilie, nikalia kwa kujifunika blanketi, nikiwa na hakika kwamba wamelala wote wawili. Asubuhi tulikuwa Addis Ababa. Tulikaa sakafuni karibu na mlango wa ndege ya Dar kwa sababu viti vilikuwa vimejaa, na mama mmoja wa Kihabeshi akampa Idi kipande cha mkate bila kuniuliza, kama wafanyavyo kwetu. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nilisikia Kiswahili cha wapita njia. Wafanyabiashara wawili nyuma yangu walikuwa wakibishana kuhusu bei ya vitenge, mmoja anamwambia mwenzake amepigwa. Niliwasikiliza kama mtu anayeota moto.

Dar tulifika mchana. Ramadhani alikuwa anatungoja nje, nyuma ya vyuma, amevaa kanzu. Yeye na Shabani walifanana, hasa mabega na namna ya kusimama wakiwa wameinamisha kichwa upande, lakini sikuwa nimelifikiria hilo. Idi alimwona kabla yetu. Alichomoka mkononi mwangu akakimbia katikati ya watu anaita "Baba," akamkumbatia miguuni. Ramadhani alisimama vilevile, hajui ainame au asiiname. Watu wawili watatu walitabasamu, wakidhani ni familia imekutana. Salma alimfuata mdogo wake akamshika mkono.

"Ni Baba Mdogo huyu," akamwambia. Kisha akamwamkia Ramadhani shikamoo, kwa adabu, kama alivyofundishwa.

Ramadhani akaitikia marahaba, akamnyanyua Idi, akamficha uso begani kwake. Hakumkosoa. Idi aliendelea kumwita Baba, na mpaka leo ndivyo anavyomwita, na hakuna aliyewahi kumkataza, kwa kuwa katika lugha yetu si kosa.

Tulilala Morogoro mjini kwa Ramadhani, na asubuhi tukapanda. Tulipopita Bigwa niliiona milima imevaa mawingu mpaka kiunoni, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa mama mkwe wangu. Sikuwa nimepata nafasi ya kumwogopa kabla ya hapo. Nilikuwa namrudishia wajukuu na sanduku, na mwanawe nimemwacha. Tulipokaribia nyumba kilio kikapokewa na wanawake waliokuwa barazani, na habari ikawafikia watoto kwa namna ambayo sikuwa nimeipanga. Idi alilia kwa kuwaona watu wazima wanalia. Salma hakulia. Nilidhani bado hajaelewa.

Mama mkwe alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka, ameegemea gunia la karafuu. Jina lake Mwanaisha. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, anayechanganya Kiswahili na Kiluguru hata wewe usitambue umevuka wapi. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliitikia, akanyoosha mikono kwa watoto, akawachukua wote wawili, na kwangu hakusema kitu. Nikaingizwa chumba cha uani, nikavishwa nguo nyeupe, nikaanza kukaa. Chakula aliniletea wifi yangu. Wali wa nazi, maharage, ndizi za kuchemsha, vyakula nilivyokuwa nimeviota miezi yote ile, na nikavirudisha vilivyo. Watoto walilala kwa bibi yao. Mimi nilibaki na dirisha lisilo na kioo, na nje ya dirisha kulikuwa na jiko, na jikoni kulikuwa na maneno. Nilisikia mmoja akisema huyu kamwacha mume kwa Wazungu. Mwingine akasema mjane gani anakatisha dunia ndani ya eda. Mwingine, mpole zaidi, akasema huenda hakuwa na jinsi, na huyo ndiye aliyeniliza. Sauti ya mama mkwe ilikuwemo, akiuliza chumvi iko wapi. Hakunitetea wala hakunisema. Nilihesabu kwamba nimemkosa yeye pia.

Wiki zikaenda hivyo. Siku moja asubuhi, jua likiwa bado halijavuka mlima, mlango ulifunguliwa akaingia na vikombe viwili vya uji wenye mdalasini. Akafunga mlango kwa mgongo. Akanipa kimoja, akaketi kitandani pembeni yangu, tukanywa. Nilipomaliza aliniambia nimweleze alipolala mwanawe.

Nilidhani anataka kujua jinsi alivyokufa, nikaanza kusimulia baiskeli. Akanyanyua kiganja. Hilo ameshaambiwa na Ramadhani. Anataka kujua mahali. Ni mteremko au tambarare? Nikasema ni mteremko mdogo. Maji yanatuama? Hayatuami, udongo wake una kokoto. Miti ipo? Ipo, mirefu, sijui jina lake, majani yake hayapukutiki. Kisha akauliza nani jirani yake.

"Mzee mmoja wa Kituruki," nikamwambia. "Upande wa pili hapajazikwa mtu bado."

"Mwislamu?"

"Mwislamu, Mama."

"Ana watu wanaomzuru?"

Nikamwambia nilikuta maua, na kijiko kidogo cha bustani kimeachwa palepale, kwa hiyo anao. Alishusha pumzi. Akasema basi wakija kwa baba yao, mwanawe naye atasikia nyayo za watu. Ndipo akaniambia kwamba wazee walipokata shauri hawakumuuliza, na kwamba alikuwa ameninyamazia kwa sababu alijua akifungua kinywa angenitupia mimi maneno yaliyokuwa yao. Halafu akauliza Ujerumani iko upande gani.

Nilitoka naye mpaka kizingitini. Mbele yetu kulikuwa na migomba, na juu yake mgongo wa mlima. Mimi ni mwalimu, nilikuwa nimefundisha ramani, nikaichora kichwani. Nikamwonyesha kibla, ambako yeye alikujua kuliko mimi, kisha nikausogeza mkono wangu kidogo kuelekea kushoto.

"Hapo," nikasema. "Ni huko huko kwenye kibla, kushoto kidogo."

Alipatazama. Aliuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Alirudi ndani, akatandika msala wake chumbani kwangu badala ya kwake, akasali rakaa mbili. Nilikaa kitandani nikimwangalia mgongo. Alipomaliza alitoa salamu ya kulia kama kawaida, kisha akageuza uso kushoto kwa salamu ya pili, na pale shingo yake ikakaa. Midomo ilikuwa imekwisha kusema iliyopaswa kusema, lakini uso haukurudi. Nikashuka kitandani nikakaa nyuma yake sakafuni. Siku ile alihamishia kitanda chake na watoto katika chumba cha uani, nasi tukalala wanne mpaka eda yangu ikaisha, nikashuka mjini kuomba kurudishwa kazini.

Nimemkuta kwenye msala mara nyingi sana tangu hapo, asubuhi na adhuhuri, kwa miaka mingi, na sijawahi kumfikia kwa haraka wala kumwita. Nilikuwa nasubiri mlangoni, nimeshika viatu, mpaka amalize kushoto.